Farasi wa Mfiwa Katika Shamba la Mama

Shamba la mama liko Naviundu, pembeni mwa mji, mahali njia inaposhuka kwenda mtoni, na lilikuwa na kazi moja tu duniani: kutulisha. Mahindi yake tulianza kuyala mabichi, kisha makavu, kisha unga, mpaka mvua nyingine ilipokaribia. Mwaka ambao lilikataa kuzaa, mama alikuwa akitembea na ungo mtupu ndani ya nyumba bila sababu, kama mtu aliyesahau alichotaka. Kwa hiyo nilijua, hata kabla sijajua mambo mengine, kwamba udongo ule ukikosa kulimwa kabla ya mvua ya kwanza, sisi tutakosa bukari, ugali wetu.

Mama alilima kwa namna ya watu wake, waliozaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Hakungoja udongo ulainike. Mwezi wa kumi, joto likiwa limekaa juu ya mji na moshi wa nyasi zilizochomwa ukigeuza jua kuwa jekundu, yeye alikuwa tayari anavunja ardhi kavu, anafukia nyasi ndani ya matuta zioze, ili mvua ikishuka ikute kitanda kimetandikwa.

Mwaka ninaousimulia, mavuno yalipokwisha, alikuja bwana mmoja na mke wake. Bwana alikuwa na duka la vipuri vya malori mjini. Alikuwa amenunua farasi wawili kutoka kwa familia ya wazungu iliyokuwa ikihama nchi, jike mwekundu na dume mweupe aliyezeeka, lakini uwanja wa nyumba yake ulikuwa sementi tupu. Aliomba kukodi shamba wakati wa kiangazi, ili farasi wapate kula mabua na majani ya kando ya mto. Walikubaliana kwamba mwezi wa tisa ukiisha angewatoa. Kuhusu kodi sitamsema vibaya: alilipa kabla hatujamkumbusha.

Lakini alikuwa mtu mgumu. Alikuja kila asubuhi na kila asubuhi alikuta kosa. Alitukataza kuanika vitenge kwenye kamba, eti vikipepea vinawashtua farasi. Alinusa maji ya ndoo yetu kabla ya kuwanywesha. Siku moja alimsimamisha mama mlangoni.

"Mama, ile mbwa yako inatisha bafarasi. Muifunge."

"Papa, mbwa iko kwake hapa. Farasi njo mugeni."

Mke wake alicheka kwa sauti, akashika mkono wa mama, wakacheka wote wawili huku bwana akitazama kando. Yule mke ndiye aliyetufanya tuvumilie. Alivaa suruali na kilemba, akampanda jike mwekundu na kufuata njia ya mto, mgongo wima, na wanawake waliokuwa wakifua walisimama kumwangalia. Akirudi, aliketi jikoni kwetu, akala karanga za kukaanga, akamuuliza mama habari za magoti yake kama mtu anayetaka kweli kujua jibu.

Mwishoni mwa kiangazi yule mke alianguka kutoka juu ya jike mwekundu. Farasi alishtuka karibu na daraja, hatukujua kwa nini, naye akapiga kichwa kwenye jiwe. Alifika hospitali akiwa bado anapumua. Jioni ile alikufa.

Mama alichukua mkeka wake akaenda kwenye kilio. Alilala huko na wanawake wengine wa parokia, akatwanga sombe, yale majani ya mihogo, akafagia uwanja wa sementi. Siku ya mwisho ya mkusanyiko, nikiwa nimemletea nguo ya kubadilisha, nilimwona akipiga magoti mbele ya yule bwana, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, suti nyeusi, macho makavu. Mama alisema maneno yaliyokuwa yakisemwa katika nyumba za reli tangu zamani:

"Papa, kama kuko maneno kati yetu, ninayaweka chini. Sitayaokota mpaka siku utatosha nguo nyeusi."

Kila mtu alikuwa akiyasema. Ni maneno ya huruma. Mtu akikaa nawe kilioni na kula bukari ya kilio chako, hana ruhusa ya kukudai wala kukugombeza mpaka uvue deuil, zile nguo nyeusi za msiba. Kwa kawaida hayana hasara. Siku arobaini zikipita, wakwe wanakuja na maji na mafuta, wanamwosha mfiwa, wanamvua nguo nyeusi, ndiyo levée de deuil, watu wanakula na kucheza, na maneno yaliyowekwa chini yanaweza kuokotwa tena. Mama aliyatamka mbele ya watu wote. Bwana alimshika mikono yote miwili.

Siku zile arobaini zikapita. Mijakaranda ikachanua mjini na kumwaga maua yake barabarani, na bwana bado alikuja kila asubuhi akiwa amevaa nyeusi. Mwezi wa tisa ukaisha, farasi wakiwa bado shambani. Alikaa juu ya tofali karibu na ua, akamtazama jike mwekundu akila, na ugumu wake sasa haukuwa na mtu wa kuucheka. Alitaka tufunge lango kwa kufuli. Alitaka nisipite shambani na redio ya simu. Mama alisimama nyuma ya nyumba, jembe mkononi, akiangalia ardhi iliyokanyagwa na kwato mpaka ikang'aa kama sakafu.

"Mama, umwambie," nilisema.

"Nitamwambia je? Iko mu deuil."

"Na mvula nayo itamungoya?"

"Nilisema mbele ya bantu. Unataka nikule maneno yangu?"

"Afadhali maneno kuliko nyasi."

Hakucheka. Jirani yetu, mama mwenye ulimi mrefu aliyeuza makala, yaani makaa, kando ya njia, alianza kutupigia kelele kila tulipopita: "Mwaka huu mutapanda farasi! Mutuletee bukari ya farasi, tuonje!" Mama alimjibu kwa salamu ya heshima, akaendelea kutembea.

Mwishowe alitafuta njia ya kuuliza bila kudai. Alimkuta bwana kwenye tofali lake.

"Papa, levée de deuil iko lini? Tupike na siye."

"Ukabaulize bakwe."

"Banasema je?"

"Madame, nimekwambia. Ukabaulize."

Basi mama akaamua kwenda. Wakwe waliishi Kasomeno, kwenye barabara ya Kasenga, na nilimsindikiza. Tulifika tumejaa vumbi mpaka kope. Dada mkubwa wa marehemu aliuza samaki wakavu. Alitukaribisha, akatupa maji, akatandika kitenge juu ya benchi ili mama akae. Alikuwa na kicheko kilekile cha marehemu, alikitoa mara moja tu, aliposikia kwamba mama ndiye aliyekuwa akimkaangia mdogo wake karanga.

Kisha mama akauliza kwa nini hawajaja kumvua mkwe wao nguo nyeusi. Yule dada alipanga samaki kwanza, mkubwa na mkubwa, mdogo na mdogo.

"Ile farasi iliua muloko yangu," alisema juu ya mdogo wake. "Tulimwambia bwana: itoke. Auze, aue, afanye anavyotaka, lakini itoke. Alikatala. Kila siku anaenda kuiangalia kula. Sasa siye tumwoshe? Tumwambie kilio imeisha, na muuaji iko anashiba?"

"Iko munyama tu, yaya. Haina akili."

"Na muloko yangu, alikuwa na akili. Ilimusaidia?"

Yule dada akamtazama mama, bila hasira, kama anayeuliza bei.

"Ile nyasi inakula, ni ya nani?"

"Ni yangu," mama akasema.

"Aa. Basi."

Alitufungia samaki wawili kwenye gazeti, akatusindikiza mpaka barabarani. Njia nzima ya kurudi mama aliwashika samaki wale mapajani bila kuwaweka chini. Mimi nilitazama malori yakipita, na ndani yangu niliona jambo ambalo sikuthubutu kulisema: neno la mama lilikuwa limefunga lango, na ufunguo wake ulikuwa shingo ya farasi.

Alimpelekea bwana majibu asubuhi iliyofuata. Nilikuwa kando yake, kwa sababu aliniomba nisimwache peke yake. Bwana alisikiliza mpaka mwisho. Jike mwekundu alikuwa karibu, akivuta majani na kuyatafuna kwa ile sauti ya kitambaa kinachochanika polepole.

"Unaniomba niue farasi ya bibi yangu," alisema, "juu ulime mahindi."

"Siombi, papa. Ninaleta maneno ya bakwe."

"Huyu njo alimubeba mara ya mwisho. Mi sikuwa pale ku daraja. Ku hospitali dokta alikuwa na haraka, bantu banapiga kelele. Yeye tu njo alikuwa naye." Aliinua mkono kuelekea kwa farasi, akaushusha. "Mutu anaweza kuua ule?"

Mimi, niliyekuwa nimekuja na hasira yangu imenolewa, nilihisi inakatika mkononi. Lakini huruma haikulima shamba. Wiki ile mvua ya kwanza ilishuka, nzito, yenye harufu ya vumbi linalozimwa, na asubuhi yake Naviundu yote ilikuwa na migongo iliyoinama. Watu walipanda. Sisi tuliangalia maji yakisimama ndani ya alama za kwato.

Ikanyesha tena. Mahindi ya jirani yakatoa ncha, kisha majani mawili, kisha yakafika kwenye vifundo vya miguu. Mbegu zetu zilikuwa ndani ya bidoni, dumu la plastiki ambalo mama alilifungua na kulifunga. Siku moja baada ya misa alirudi, akavua viatu vya kanisani, akafunga kitenge cha kazi, akachukua jembe. Nilimfuata. Aliingia shambani bila kufunga farasi, akaanza kwenye kona ya juu, akapiga ardhi. Dume mweupe alisogea pembeni. Jike mwekundu hakusogea. Mama alimzunguka, akiacha kipande cha nyasi chini ya miguu yake, akaendelea mbele.

Bwana alifika tukiwa tumemaliza matuta machache. Alisimama langoni chini ya manyunyu, koti lake jeusi likizidi kuwa jeusi. Nilingoja apige kelele. Nilitaka apige kelele.

"Mama," alisema. "Bado nimevaa."

"Ninaona, papa."

"Ulipiga magoti."

"Nilipiga. Na watoto yangu banakula."

"Tulikula pamoja bukari ya kilio."

Mama aliinua jembe, likabaki juu kidogo, kisha likashuka. Hakumtazama tena. Bwana akaingia, akawafunga kamba farasi wote wawili, akawatoa, akapita nao mbele ya meza ya makala ya jirani yetu. Walipanda njia kuelekea mjini katika mvua, yeye katikati, farasi huku na huku, polepole, kama watu wanaosindikiza jeneza.

Tulipanda tukiwa tumechelewa. Hatukuwa hata tumemaliza palizi ya kwanza habari zilipotufikia. Mama wa makala ndiye aliyeleta: farasi walikuwa wakilala uwanjani, kwenye sementi, bila paa, na ugonjwa wa mvua, ule unaovimbisha kichwa cha farasi na kumtoa povu puani, ulimpata jike mwekundu. Bwana alikaa naye mpaka mwisho, amekiweka kile kichwa kizito juu ya mapaja yake. Dume mzee alibaki hai.

Basi wakwe wakakubali. Walipanga siku, wakatoka Kasomeno na maji na mafuta yao. Watu wote waliolala kwenye kilio waliitwa, wanawake wote wa parokia, isipokuwa mama. Hakuna aliyekuja kumweleza sababu. Pale parokiani maneno yalikuwa yamekwisha kuzunguka: yeye ndiye aliyemlimia mfiwa miguuni. Wengine walisema kama angengoja kidogo tu. Wengine walisema yeye ndiye aliyemuua farasi, na kwamba alijua mvua ingemmaliza. Mama alisikia yote mawili na hakujitetea kwa lolote.

Siku ya levée de deuil tulikuwa shambani, tunapalilia. Mahindi yetu yalikuwa mafupi, ya manjano kwenye kingo, mengine yakitoa maua kabla hayajafika kiunoni. Mtu yeyote aliyezaliwa hapa angejua kwamba magunzi yake yatakuwa na mapengo kama mdomo wa mzee. Wanawake wa kwaya walipita njiani, wote katika kitenge kimoja kipya, sufuria vichwani, wakiimba kwa sauti ya chini kwa sababu ya mteremko. Walipofika mbele ya shamba wimbo ukakatika. Nilisikia viatu tu juu ya changarawe. Nyuma ya meza ya makala wimbo ukaanza tena.

Mama alibaki ameinama. Aling'oa nyasi, akakung'uta udongo kwenye mizizi, akaiweka kando.

"Kamata mustari wa kule," akaniambia. "Nyasi yake iko inakimbia kuliko mahindi."