Mkono Ambao Mzee Mwishehe Hakuunyoosha

Mzee Mwishehe hukaanga samaki Kunduchi. Tangu mkewe Tunu afariki, maneno yake yamekuwa haba. Mteja huuliza bei, naye hujibu kwa vidole.

Kikundi chao cha kuzikana kinapashana habari za misiba kwa simu, kwenye programu ya bure isiyo na tajiri anayeimiliki. Anayeijua kazi huichukua, akaitengeneza, akawagawia wenzake. Kunduchi anayeitunza ni Rukaiya, binti wa jirani. Jumapili moja kikundi kilikutana uani kwa Badru, mchimba makaburi wao, binti akasimama.

"Shikamooni. Wengi tumeshahamia programu mpya; ile ya zamani imechoka. Nikiziba tundu kwenye mpya, inanibidi nizibe na kwenye ya zamani, na wezi wanapenya humo humo. Nataka kuifunga. Ila akiwepo hata mmoja anayeitumia, nasubiri. Nani bado yumo? Anyooshe mkono."

Badru akadakia, "Muulize Mwishehe! Simu yake waliisahau Wajerumani."

Ua mzima ukaangua kicheko.

"Mie nimeshahama zamani," alisema Mwishehe.

Uongo. Kwenye ile ya zamani mlikuwa na sauti za Tunu: usisahau chumvi, mbona hupokei, rudi mapema leo. Alizisikiliza kila alfajiri kabla ya kuwasha jiko. Alidhani akihama zitapotea, na kuuliza maana yake aseme mbele ya wanaume wale kwamba anamsikiliza marehemu. Akaona haya.

Rukaiya akafunga. Sauti za Tunu zilibaki kwenye simu ya mzee, ila habari za misiba zikakoma kuingia, naye akamshukuru Mungu kuwa watu hawafi.

Hata siku moja akampelekea Badru changu wawili. Akakuta turubai linakunjwa, wanawake wanasugua masufuria. Badru alikuwa ameshazikwa. Mkewe, Hamida, alikuwa eda. Akazungumza na Mwishehe akiwa nyuma ya pazia.

"Shemeji, tulikungoja. Jeneza likakaa uani, watu wanasema Mwishehe hawezi kukosa. Mwenzio alimchimbia Tunu kaburi mvua inamnyeshea."

"Habari haikunifika."

Rukaiya aliacha sufuria, akaja na majivu mikononi. "Babu, kumbe ulikuwa bado kwenye ile ya zamani? Basi kosa ni langu. Ningepita nyumba kwa nyumba kwanza."

Wanawake wakamgeukia binti. Mwishehe angenyamaza tu, lawama ingemshukia mtoto wa watu.

"Hapana, mwanangu. Uliuliza, nikakudanganya. Mlikuwa na sauti ya Tunu mle. Niliona haya kusema."

"Sauti zingehama nawe, babu. Ungeniambia tu."

Nyuma ya pazia Hamida akasema taratibu, "Badru angekucheka, shemeji. Halafu angewaambia wote wakusubiri."

Mwishehe aliwaweka wale samaki kizingitini, akainama kutafuta kandambili. Akavaa moja yake na moja ya mtu, akaondoka hivyo hivyo, na hakuna aliyemwita.