Kijani Kilichokolea cha Musyoka

Musyoka wa Soweto West, Kibera, alikuwa fundi wa rangi, na kwa maneno yake mwenyewe, Nairobi nzima ilijaa washamba. Kijani hafifu? Ebo! Mtu mzima na akili zake apake chumba kijani hafifu? "Hiyo ni rangi ya wodi," angesema akitema mate kando. "Ukiamka unatafuta daktari." Aliwahi kupaka sebule ya tajiri kule Lavington kijani kilichokolea, na tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumwambia kitu.

Kazi ya Kawangware ilikuwa vyumba kumi, naye hakuwa ameshika brashi tangu Krismasi. Mwenye ploti hiyo ya kupangisha, Gathoni, aliagiza kijani hafifu. Mtu mwenye njaa angenyamaza akapaka. Huyu akacheka. "Mama, huo ni ushamba. Wacha nikuonyeshe." Akapaka chumba kimoja kijani hafifu, na cha kando yake kijani kilichokolea, ili amfundishe.

Gathoni alikuja na sinia ya ndengu. Akamkalisha katika chumba cha kijani hafifu. "Chagua." Musyoka akaguna kwa dharau, lakini vijiwe vitano akavitoa upesi. Wakahamia cha pili. Dirisha lilikuwa dogo vilevile, linatazama ukuta wa jirani. Akainama, akakodoa macho, akaleta sinia hadi puani. Mwishowe, bila kujijua, akasogea mlangoni.

"Lavington wako na madirisha, fundi," Gathoni alisema. "Hivi nane vimebaki nitapea mtu anasikia."

Alirudi Kibera akimtukana njia nzima. Mwanamke wa ploti anajua nini? Ndengu na rangi wapi na wapi!

Kwake alimkuta mkewe, Kaveke, amekaa kizingitini, miguu nje kwenye manyunyu, sinia magotini, anachagua ndengu. Nyuma yake kuta zilikuwa kijani kilichokolea, kazi ya Musyoka mwenyewe, mwaka wa pili huu. Kila siku alimruka hapo mlangoni akiingia, na hakuwahi kujiuliza kitu.

"Unanyeshewa na nyumba iko?" alifoka.

Kaveke hakuinua kichwa. "Baba Ian, nilikuambia siku ile unapaka. Ukasema mimi ni mshamba, sijui rangi."