Jiko la Mama na Mbuzi Asiye na Kosa

Nimekana miaka yote, lakini jiko la udongo alilojenga Mama kule Newala nililipasua mimi. Juzi huko Chiwata, nikifundisha wanawake kujenga majiko ya kubana matumizi ya kuni, harufu ya korosho inayoungua ilinisuta.

Alasiri ile ya utotoni, kule Newala, nilirundika korosho mbichi motoni. Mafuta ya maganda yakalipuka, nikaona ufa. Majirani waliokuja kujifunza ujenzi kwa Mama wakamcheka: “Fundi, ndilo hili?”

“Mbuzi kalikanyaga!” nikasema.

Jioni Mama akaamuru mbuzi wetu achinjwe, nami nikala huku nikilia.

Jana nilimpigia Mama simu, nikakiri.

“Nilijua. Mikono ilikubabuka.”

“Sasa mbuzi ulimchinjia nini?”

“Ufa ulikuwepo tangu asubuhi, mwanangu. Mchanga niliuzidisha kwenye udongo. Afadhali alaumiwe mbuzi kuliko fundi.”