Damu ya Kuku na Dawa Nyekundu

Mwanaheri binti Nassibu alitoboa vidole vya watu maisha yake yote ya kazi. Ukienda na homa yako zahanati, yeye ndiye aliyekushika mkono, akakuuliza habari za nyumbani, na kabla hujamaliza kumjibu tone la damu limeshakaa kwenye kioo. Wengi wenu mmepita mikononi mwake. Ila huenda hamjui kwamba kuna siku, akiwa binti wa darasa la sita, nusura kazi hiyo imtoe shuleni, na mwalimu wake imtoe roho. Sogeeni basi, niwape kama alivyonipa mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Huku bara, upande wa Likawage, watu walikuwa wametolewa kwenye mikorosho yao wakapangwa pamoja, nyumba zimenyooka kama mistari ya daftari, udongo wa kuta haujakauka. Jirani hamjui jirani. Ukisikia mtu anakohoa nje unajiuliza, huyu nani? Na pahala ambapo watu hawajuani, habari za mumiani hazichelewi kufika. Mumiani, kwa asiyewahi kuambiwa, ni wanyonya damu. Wanakuja na gari, wanakamata mtu, wanamkamua, damu wanaipeleka kutengeneza dawa. Kila mtu alikuwa na binamu aliyemjua mtu aliyeponea chupuchupu.

Katikati ya hofu hiyo akaletwa Mwalimu Theresia, msichana mdogo tu kutoka kwa Wamwera wa Ndanda. Wakubwa walikuwa wamesema mabinti nao wafundishwe sayansi, wasiishie kwenye kushona vitambaa. Landrova ya serikali ikashusha sanduku: hadubini, ile darubini ya kuonea vitu vidogo, na vioo, sindano, chupa. Masomo yakishaisha, mwalimu alibaki na mabinti peke yao, wakitoboana vidole watazame damu. Wavulana walikuja kuchungulia na kuwacheka, ati madaktari wa kanga, naye akawa anafunga mlango.

Sasa jitie wewe uko nje. Gari limekuja. Sanduku limeshushwa. Mabinti wanafungiwa ndani, wanatoka wameshika vidole. Ungefikiri nini?

Aliyewasha moto ni Bi Moza, aliyekuwa akiwachotea walimu maji. Aliingia kutua ndoo akakuta chupa mezani, imejaa wekundu. Ilikuwa dawa ya kupaka rangi kwenye kile kioo cha damu, ili vijidudu vya malaria vionekane. Lakini Bi Moza hakuuliza. Ndoo aliiacha hapohapo, akatoka mbio.

Kabla ya adhuhuri uwanja wa shule ulikuwa umejaa. Mwanaheri aliniambia kilichomtisha si kelele, ni kwamba hakukuwa na kelele. Watu wametoka shamba na majembe yao, wamesimama kimya. Mbele yuko Mzee Huseni, balozi wa nyumba kumi, ameishika ile chupa mbali na kanzu yake.

"Mwalimu," akasema, "hii damu ya nani?"

Mwalimu akaeleza, lakini sauti ilikuwa inamtetemeka, na anayetetemeka haaminiki. Mtu mmoja nyuma akasema huyu hata ukoo wake haujulikani. Mwingine akasema afungwe kamba kwanza, maneno baadaye. Nassibu, baba yake Mwanaheri, akamwita binti yake kwa kidole. Akamwambia shule imekwisha leo, kitabu hatakishika tena, na huyo mwanamke atawajibu wanakijiji wenyewe.

Mwanaheri akaanza kwenda kwa baba yake. Alipofika usawa wa Mzee Huseni akapiga goti.

"Shikamoo babu."

"Marahaba."

"Naomba tuimwage juu ya jani, inzi watuambie. Na pembeni jani jingine, tumwage damu ya kweli, ya kuku."

"Jani moja halitoshi?"

"Inzi hutua popote, babu. Likiwa moja tutajuaje?"

Mzee akamtazama mtoto, akautazama umati. Watu walitaka jambo la kufanya, na hilo lilikuwa jambo. Ikabaki kuku atoke wapi. Kila mtu akamwangalia mwenziwe. Ndipo Mwahija, mama yake Mwanaheri, ambaye tangu watu wakusanyike alikuwa analia ndani ya kanga, akaondoka, akarudi na tetea wake anayetaga.

Mzee Huseni akamchinja kwa bismillahi. Majani mawili ya mgomba yakatandazwa juani, huku damu, huku dawa. Watu wakazunguka, wakachuchumaa.

Damu ya kuku haikukawia, ikaganda. Dawa ikabaki maji. Bi Moza mwenyewe akasema, mbona hii haigandi? Mwanaheri akapata pumzi. Lakini mzee akatikisa kichwa: mumiani wana dawa ya kuzuia damu isigande, kila mtu anajua hilo. Umati ukaitikia. Mtu akaanza kufungua kamba ya mbuzi.

Kisha inzi akatua kwenye jani la dawa.

Mwalimu Theresia alikuwa amefumba macho, midomo inaenda, anasali kimyakimya. Inzi akatembea ukingoni, akagusa ule wekundu, akasugua miguu. Akaruka. Akatua kwenye damu ya kuku, akatulia. Akaja wa pili, wa tatu, mara lile jani likawa jeusi linavuma. Jani la dawa likakauka peke yake, limeacha doa kama la mabibo yaliyoiva.

Hakuna aliyeomba radhi. Walinyanyuka mmojammoja, wakajikung'uta. Mzee Huseni aliirudisha chupa mezani kwa mikono miwili, akasema tu huo mlango usifungwe tena. Mwenye kamba akakumbuka mbuzi wake.

Nassibu akatangulia njiani, binti nyuma, mama amebeba kuku. Walipoyapita mashamba ya kijiji akauliza bila kugeuka:

"Ulikuwa unajua inzi wataikataa ile dawa?"

"Nilikuwa sijui, baba."

Nassibu akasimama. Mwanaheri alisema hakuwahi kumwona baba yake akiogopa, si siku ya kuhamishwa, si mbele ya ule umati. Hapo njiani aliogopa. Akamtazama mtoto wake kama anamwona kwa mara ya kwanza, akamshika mkono, akaushika hivyo mpaka nyumbani. Mlangoni akamwambia kesho awahi shule.