Kiberiti Nilichopeleka Ukweni

Jamani, aibu ninayo, na mpaka leo mtu akiniomba kiberiti mbele za watu natoka jasho.

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa karani wa reli pale Tabora, kijana wa kaptula zilizopigwa pasi, na nilikuwa na tabia moja ya kijinga: tumbo likinguruma kidogo tu nakimbilia dukani kununua vidonge vya kuua vijidudu vya tumbo (hata kama siharishi, ilimradi nionekane mtu wa kisasa), nikavimeza miezi na miezi mpaka tumbo likaasi kabisa, ugali linakataa, maharage linakataa, hata uji linauona adui. Daktari akanieleza kwamba utumboni mwa kila mtu vimo pia vijidudu vyema, ndivyo vinavyowafundisha askari wa mwili nani wa kupigwa na nani wa kuachwa, na mimi nimevifagia, sasa askari wanapiga hovyo na utumbo wangu mwenyewe umevimba kwa kipigo.

"Lete choo tukipime," akasema, "na kiwe cha asubuhi hiyohiyo."

Na choo wakati ule, mnajua, kilipelekwa ndani ya kiberiti.

Sasa asubuhi hiyohiyo ndiyo tulikuwa tunapeleka posa kwa kina Veronika, na kwao kuko njiani kwenda hospitali. Nikaona niunganishe safari. Nikakifunga choo vizuri kwenye jani kavu la mgomba, nikakitia kiberitini, kiberiti mfukoni mwa shati (uamuzi huo, jamani, uamuzi huo!).

Tukakaribishwa, shikamoo, marahaba, mjomba Petro, mshenga wangu, akaanza maneno yake matamu. Baba Veronika akatoa kiko.

"Kijana, una kiberiti?"

"Sina, baba."

"Si hicho hapo mfukoni?" mjomba akasema, akakichomoa na kumkabidhi mzee kwa mikono miwili.

Mzee akakifungua, akaona jani la mgomba, na kwa kuwa ugoro nao hufungwa hivyohivyo, uso ukamng'aa. "Ahaa! Ugoro wa Ipole! Mkwe kaniletea zawadi halafu anaona haya!" Akalifungua jani, akanusa kwa pumzi yote, machozi yakamtoka, na kwa adabu (zawadi ya mkwe utaitukanaje?) akasema, "Mkali huu," akampa ndugu yake. Ndugu yake akanusa, akakohoa, akakubali kwamba ni mkali kweli, kisha akanyoosha vidole achukue wa kutosha pua zote mbili.

Nikapiga kelele: "Baba, ni choo changu! Kinakwenda hospitali!"

Mjomba akaanza kuutazama mlango. Nikamwaga maelezo yote, vidonge, vijidudu, askari, huku nalia kweli, maana nilishamwona Veronika akiolewa na yule mwalimu wa Nzega aliyekuwa akimmezea mate.

Mzee akafuta pua. "Kwa hiyo humo tumboni mwako hakuna wa kuwatuliza askari?"

"Hakuna, baba."

"Mama Veronika! Lete maziwa mgando, bakuli kubwa, huyu kaishiwa watu humo ndani."

Nikayanywa yote mbele yao, wanawake wanacheka jikoni mpaka masufuria yanaanguka. Mzee akanirudishia kiberiti kwa ncha za vidole.

"Kiwahishe. Posa tumeipokea. Wenzako hutuficha maradhi yao mpaka harusi ipite, wewe umetuletea tunuse kabisa."

Tangu siku ile sijabeba kiberiti, moto naomba kaa kwa jirani, na kidonge simezi mpaka daktari aseme. Baba mkwe naye aliacha ugoro.