Meanwhile, Sista Yuko Wapi?

Hata leo nikikata kabichi, ile harufu yake mbichi hunirudisha Werugha, kijijini kwetu mlimani, darasa la sita, asubuhi za ukungu mzito ambapo mtu akikuamkia njiani hujui unamwitikia nani. Wenzangu wakinusa kabichi hukumbuka ugali. Mimi hukumbuka Kiingereza. Ilikuwa miaka ya sabini, na Mwalimu Mghanga alikuwa ametutangazia kwamba Ijumaa mkaguzi wa shule atapanda kutoka Voi, na kwamba ole wetu tukimwaibisha kwa insha za "and then, and then" kama gari lililokwama matopeni. Akaandika ubaoni neno moja, Meanwhile, akaligonga kwa fimbo. "Hili ni neno la mtu mwenye akili," akasema. "Mama yako yuko sokoni Wundanyi anauza karoti. Meanwhile, wewe uko nyumbani unalamba sukari yake. Mambo mawili, mahali pawili, saa ileile. Mmeelewa?" Tukaitikia kwa sauti moja kwamba tumeelewa. Hakuna aliyeelewa, na mimi nilikuwa wa kwanza kutoelewa, maana kichwa changu siku hizo kilikuwa na nafasi ya jambo moja kwa zamu.

Kazi yangu baada ya shule ilikuwa kumlisha Sista, ng'ombe wetu, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya baka jeupe kichwani kama kitambaa cha mtawa. Tabia zake hazikuwa za utawa hata kidogo. Kwetu mashamba ni matuta, kipande juu ya kipande, hakuna malisho ya kumwachilia mnyama. Alilishwa kando ya njia, mtoto akiwa ameshika kamba. Jumanne hiyo ukungu ulishuka hata sikuona vidole vya miguu yangu. Nikaketi juu ya jiwe, kamba nimeizungusha mkononi, daftari mapajani, nikitunga sentensi za meanwhile. Kila baada ya muda nilivuta kamba, nayo ikakaza, nikajua Sista yupo. Loo! Nilipomaliza sentensi ya tano niliifuata ile kamba, nikakuta nimekuwa nikichunga kisiki. Kitanzi kilikuwa kimemtoka shingoni kikanasa hapo, mwenyewe kajiendea. Nilimpata tuta la chini, katika shamba la Mwalimu Mghanga, katikati ya kabichi ambazo mwalimu alizitunza miezi mitatu kwa ajili ya wakwe zake waliotarajiwa Jumamosi. Kabichi zenyewe zilibaki mashina. Sista alinitazama huku akitafuna, hana habari. Nikamswaga mbio hadi nyumbani, nikanyamaza.

Kimya changu kingepita salama lau si mbuzi wa Nyanya Mkawasi, mjane jirani yetu. Kesho yake asubuhi mbuzi huyo alikutwa shambani humo akiokota masalio, jani bado liko mdomoni. Ushahidi gani tena unatakiwa? Naibu wa chifu akaamua kwamba Nyanya asipoleta kabichi nyingine, mbuzi atachinjiwa wageni wa mwalimu. "Mbuzi mwenye meno manne amalize shamba zima?" Nyanya alilia mbele ya watu. "Basi nichinjeni mimi!" Maziwa ya mbuzi yule ndiyo aliyotia kwenye chai yake, na chai hiyo nimeinywa mara nyingi nikiwa nimekaa mlangoni pake. Mama aliniuliza mbona sili, nikasema tumbo. Nilimwogopa mama, nilimwogopa mwalimu, na zaidi niliogopa kisu kisije kikahamia kwa Sista. Mbuzi akafungwa nyuma ya darasa letu, akalia mchana kutwa.

Ijumaa mkaguzi akafika kwa Landrova, viatu vinang'aa licha ya matope yetu. Mwalimu Mghanga, kifua mbele, akamwomba atupime kwa neno Meanwhile. Mvulana wa mbele akasimama kwa ushujaa akasema, "Mama yangu ni meanwhile," kisha akaketi akiwa ameridhika. Mwalimu akajifuta jasho, akaninyooshea kidole mimi ambaye sikuinua mkono. Nikasimama. Nilikuwa nimeikariri ile ya mama na karoti, naapa. Lakini mbuzi akalia nje, "Meee!", na kilichonitoka, kwa Kiingereza changu cha mlimani, kilikuwa hiki: Jumanne nilikuwa juu ya jiwe nikijifunza neno la mwalimu. Meanwhile, ng'ombe wetu alikuwa akila kabichi za mwalimu. Sasa mbuzi wa Nyanya Mkawasi amefungwa. Meanwhile, mwizi yuko nyumbani anakamuliwa.

Mkaguzi akamgeukia mwalimu. "Ni kweli?"

"Sentensi ni sahihi, bwana," Mwalimu Mghanga akajibu.

Mbuzi alifunguliwa kabla Landrova haijaondoka. Jioni mama alinichapa barabara, kisha akang'oa kabichi zetu zote, tukambebea mwalimu mimi na yeye, na nusu ya mwezi ule tulikula maharagwe matupu. Nyanya Mkawasi aliniita akanipa kikombe cha chai, maziwa yamejaa. "Ulichelewa, mjukuu wangu," akasema, "lakini ulifika." Nikalia machozi ndani ya kikombe.

Siku hizi ninaishi Voi, nimestaafu, ukungu nausikia kwa simu tu kutoka kwa ndugu zangu. Wajukuu wangu wanajigamba kwamba wao hufanya mambo kumi kwa wakati mmoja, nami nikiwaona wameinamia simu huku wali unaungua, huwauliza, "Meanwhile, Sista yuko wapi?" Hukimbilia jikoni wakicheka. Nilidhani nimewafundisha wao. Juzi nilikuwa sebuleni nikimsimulia mgeni kisa hiki chote, nimefika kwa mbuzi, mikono juu, utamu umenikolea, nikasikia harufu ya kabichi niliyoibandika mwenyewe jikoni, safari hii si mbichi. Mjukuu wangu mdogo akatoa kichwa mlangoni, moshi nyuma yake.

"Nyanya," akasema kwa adabu zote, "meanwhile?"