Nilivyouona mgongo wa baba mkwe huko Magamba, enzi za Ujamaa

Wakuu, salaam. Mimi ni mzee sasa, uongo wa nini. Mke wangu yuko hapa anachungulia simu, nikiongeza chumvi atanisahihisha.

Enzi za Ujamaa tulikuwa tunapasua mbao za darasa la kijiji, mimi na baba mkwe.

Yeye juu ya gogo, mimi chini shimoni na ncha ya pili ya msumeno. Unga wote wa mbao ulikuwa unaishia kinywani mwangu.

Sasa kwetu baba mkwe humkodolei macho. Mkikutana njiani unapisha, unaangalia chini.

Mchana mmoja nashuka kijitoni kunywa maji, nakuta mzee kavua shati ananawa. Mgongo mzima mizunguko ndani ya mizunguko, kama ubao wa mti wa mkulo uliorandwa jana! Nilikimbia hadi nikasahau kikombe.

Siku tatu baadaye akainama, shati likapanda. Bahati mbaya tena, naapa. Mizunguko imehama!

Wakuu, ubao hautembei.

Nikamwambia mke wangu. Akanijibu, "Na wewe mgongoni kwa baba ulikuwa unatafuta nini?"

Nikanuna siku mbili.

Ila mzee alikuwa anakonda na kukohoa. Anasema ni vumbi la mbao. Vumbi gani, na anayelimeza ni mimi? Hapo nikaogopa kweli, maana nilimpenda sana yule mzee.

Nikajifanya naumwa tumbo, nikamwomba anisindikize zahanati. Mbele ya mganga nikasema, "Mgonjwa ni baba. Mgongo wake nimeuona."

Alivyonitazama, nilitamani lile shimo letu.

Mganga hakuwahi kuona upele wa namna ile. Akamtuma Tanga, picha ya kifua ikaonyesha uvimbe kwenye pafu. Kumbe ngozi ilikuwa inasema ya ndani. Akapasuliwa hospitali kubwa, na wiki chache baadaye mizunguko ikafutika yenyewe.

Aliporudi nikawa namkwepa. Hadi siku akaniita uani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Akavua shati, akanigeuzia mgongo. "Haya mkwe, leo angalia bila kuiba. Pako sawa?"

Nililia, wakuu.

Nilichojifunza: upele usioeleweka usipake mafuta ukanyamaza, nenda upimwe. Ukiuona kwa mwenzio sema, hata kama ni mkwe.

Aliyewahi kuona kitu kama hiki aseme hapa. Na mnisaidie jibu, maana mke wangu amesoma mpaka mwisho, ananiuliza tena nilikuwa natafuta nini mgongoni kwa baba yake.